Magoti ya mama ndo yalituchagulia ufuko

Tangu nirudi kutoka Uturuki simu haipumui. Kila mtu anataka nimwambie ufuko gani ndo mzuri kule, na kila nikianza kujibu jibu linakuwa refu kama foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, sasa nikasema wacha niandike mara moja nitume linki kwa wote tuachane.

Kwanza mjue mimi si mtalii. Nina duka la nguo za kike Kampala, Istanbul naenda mara mbili kwa mwaka, nashuka, naingia Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, nachagua magauni, napeleka mzigo kwa watu wa kago, narudi. Miaka yote hiyo bahari nimeionea dirishani mwa ndege tu. Safari hii dada yangu mdogo akasema kwani wewe utaendaga peke yako mpaka lini, mtoto ana likizo ya muhula wa pili, mama hajaona bahari toka azaliwe, twende wote. Mama ana miaka 63, Mnubi wa Bombo, mtu wa gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, na tasbihi yake, na magoti yalishaanza kumgomea. Mtoto wa dada ana 11, yuko P.6, yani darasa la sita, na anajua kila kitu, au anadhani anajua. Tukapanga siku tatu Istanbul nimalize mambo ya mzigo, halafu siku kumi na moja pwani ya kusini, kuanzia Antalya kuelekea magharibi mpaka Dalyan.

Sasa kuchagua ufuko, nani alitufundisha? Ufuko tunaoujua ni wa Entebbe. Unaenda Jumapili, kuna spika kubwa kama kabati, kuna tilapia nzima ya kukaanga na chipsi, watoto wanacheza kwenye mchanga, na maji yenyewe unayaangalia kwa mbali manake ukikumbuka kichocho miguu inarudi yenyewe. Hatuulizi mchanga uko aje wala upepo unatoka wapi, tunauliza kiingilio ni pesa ngapi na nani anaimba leo. Kwa hiyo nikafanya kile kila mtu anafanya, nikafungua simu, nikatafuta picha, ile yenye maji ya bluu kushinda zote nikaiweka namba moja.

Hapo ndo nilianza kukosea.

Antalya mjini kuna fukwe mbili kubwa, Konyaaltı upande wa magharibi na Lara upande wa mashariki, na katikati kuna genge refu la mwamba, mji umekaa juu yake, mpaka kuna mahali mto Düden unafika ukingoni na kujimwaga baharini hivi hivi kutoka juu, kama mita 40. Sisi tukaanza na Konyaaltı kwa sababu ya picha. Na picha haikudanganya, ni kilomita kama saba za ufuko, nyuma yake milima ya Beydağları imesimama mirefu ya bluubluu, maji yanaanza meupe kidogo halafu kijani halafu bluu ya kalamu. Lakini picha za ufuko zinapigwa kutoka juu, na ukiwa juu mawe na mchanga vinafanana.

Konyaaltı ni mawe. Mawe mviringo, laini, ukubwa wa yai la kuku mpaka kiazi, yameletwa na mito kutoka ile milima na bahari imeyasugua miaka na miaka. Sisi tumefika saa sita mchana, mwisho wa Agosti, yamepata moto kama kikaango. Mama kavaa ndala zake za mpira. Akaenda vizuri mpaka karibu na maji, na hapo ndo kuna siri nyingine, ufuko wa mawe unashuka ghafla, si kama mchanga unaoshuka polepole. Wimbi likaja likamlowesha vifundo, akacheka, likarudi, na likirudi linavuta mawe yote pamoja, unasikia krrraaaa kama mtu anamwaga mahindi kwenye debe, na mawe yaliyokuwa chini ya nyayo zake yakaondoka na yeye akakaa. Paa. Ndani ya maji. Kila akitaka kusimama wimbi lingine, krrraaaa, anakaa tena. Mimi na dada tunateleza hatufiki. Waliomtoa ni mama wawili wa Kituruki waliokuwa wanakula mbegu za alizeti pembeni, wakaingia na nguo zao, huyu kwapa hili, yule kwapa lile, "teyze, teyze", yani dada wa mama, wakamkalisha, wakampa na chai.

Mama alipomaliza chai akatuangalia. "Mmenileta kuona bahari, ama mmenileta kuponda kokoto?"

Ndo nikajua kwamba safari hii jaji si mimi.

Jioni ile ile nikanunua viatu vya maji, vile vya kitambaa na soli ya mpira, vinauzwa kila kona na havigharimu kitu cha kulilia. Nilinunua pea nne na nikamuuliza yule kijana bei ya dazeni, ugonjwa wa biashara hauponi. Mtu yeyote anayekwenda pwani ile, sijali utachagua ufuko gani, nunua hivyo viatu siku ya kwanza. Na nisiyaonee mawe, yana faida yake. Maji ya ufuko wa mawe ni masafi kupita kiasi kwa sababu hakuna mchanga wa kuvurugika, unasimama kwenye maji ya kifuani unaona kucha zako, na ukirudi hotelini hakuna mchanga kwenye begi wala kwenye sambusa. Kama unajua kuogelea na magoti yako ni ya kijana, Konyaaltı ni pazuri. Mimi mwenyewe nilirudi asubuhi saa moja kabla ya kiamsha kinywa, bahari imelala kama mafuta kwenye sahani.

Kesho yake tukaenda Lara. Lara ni mchanga, wa rangi ya kahawia hivi, na maji hayana kina, mtoto anakwenda mbali bado yako kiunoni. Kijana wetu, huyo mtoto wa dada, alifurahi mpaka akasahau kutufundisha. Shida ya Lara ni hoteli, zile za kula na kunywa vyote ndani ya bei, zimepangana kama maduka ya Kikuubo na kila moja imeweka vitanda vyake na mwavuli wake na muziki wake. Kwa sheria ya kule pwani ni mali ya umma, hoteli haimiliki bahari, lakini kitanda ni chake na mwavuli ni wake, na ukikaa bila mwavuli utaiva. Kuna sehemu ya umma, wanaita halk plajı, ukiona hayo maneno popote jua hapo mwananchi wa kawaida anaingia na mkeka wake na tikiti lake. Sisi tulikaa hapo. Mama akasema mchanga sawa, magoti sawa, lakini "kelele hizi hata Entebbe zipo, na Entebbe sipandi ndege".

Ila Lara ndo alipoonja bahari. Alichota kwa kiganja akalamba, akatema, akalamba tena kuhakikisha. Watu wa ziwa sisi, maji mengi kiasi hicho halafu chumvi, akili inakataa. Na Mediterania ina chumvi kuzidi bahari kubwa, upande ule wa mashariki inafika kama gramu 39 kwa kilo moja ya maji wakati bahari kubwa ni kama 35, manake jua linakausha maji mengi kuliko mito inayoingia na mlango wenyewe wa kuingizia mengine ni ule mwembamba wa Gibraltar, upana wake pale panapobana ni kilomita 14 tu. Faida yake unaelea. Mama ambaye hajui kuogelea tulimlaza chali, dada kashika kichwa, mimi nimeshika miguu, tukaachia kidogo, akabaki juu. Kimya. Macho ameyafumba. Nilidhani anaogopa, kumbe anasoma dua.

Kijana yeye alikuwa anasubiri maji kupwa. Ana binamu zake Mombasa, wamemwambia bahari inaondoka na kurudi, kwamba ukitaka kuogelea unauliza kwanza maji yamejaa au yametoka. Akakaa na saa mkononi kutoka asubuhi mpaka alasiri na bahari haijaondoka hata hatua mbili. Mlango ndo ule ule, bahari imefungwa karibu pande zote, kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno. Mkizoea pwani ya Mombasa au Tanga huu ni mzigo mmoja unaotua kichwani, saa yoyote maji yapo. Cha kupimia saa kule si maji, ni jua na upepo.

Siku ya tatu tukagawana. Upande wa mbali wa Konyaaltı kuna ufuko wa wanawake peke yao, Sarısu, umezungushiwa, mpaka waokoaji ni wanawake. Kijana na miaka yake 11 hatukutaka kujaribu bahati, mama yake akaenda naye kupanda trem na kula aiskrimu mji wa zamani, mimi nikaingia na mama. Jamani. Mama yangu mimi sijawahi kumuona bila gurbaba nje ya nyumba. Kule ndani bibi wa miaka 70 wako na vazi la kuogelea, wasichana wako na la kufunika mwili mzima, wanaliita haşema, kila mtu na lake, hakuna anayemtazama mwenzake. Mama akanunua haşema ya kijani pale pale nje. Kuna mawe Sarısu pia, lakini sasa tuna viatu, na kuna mikono mingi ya kumshika mtu. Kwa wanawake wenzangu wanaoniuliza inbox kama mtu mwenye hijabu yake anaweza kufurahia bahari ile bila kujisikia kama maonyesho, jibu ndo hilo, na hata fukwe za kawaida haşema wamezoea, hawashangai.

Baada ya hapo tukakodi gari tukaondoka mjini.

Phaselis nitakaa kidogo, mnivumilie. Iko saa moja hivi kutoka Antalya, ni magofu ya mji wa kale, unalipa getini kama makumbusho halafu unatembea chini ya misonobari mpaka unaona maji. Mji ulijengwa na watu wa kisiwa cha Rhodes zamani sana kabla ya Kristo, mpaka Alexander yule Mkuu alipumzika hapo majira ya baridi akiwa njiani na jeshi lake. Lakini siwaambii kwa ajili ya historia. Wale wazee waliujenga mji kwenye rasi yenye bandari tatu, moja kaskazini, moja katikati, moja kusini, zimeunganishwa na barabara ya mawe ambayo bado ipo, pana kama barabara ya leo. Kwa nini tatu? Kwa sababu ya upepo. Upande huu ukichafuka, unahamisha merikebu upande ule. Na mpaka leo muogeleaji anafanya hivyo hivyo. Tulifika ile ya kusini tukakuta imeshaanza kupigwa, mawimbi mafupi ya kukera, tukageuka, dakika tano kwa miguu, ile ya katikati maji yametulia kama ya kisimani. Hapo ndo niliacha kuuliza ufuko upi una rangi nzuri nikaanza kuuliza umeangalia wapi, una rasi au mwamba wa kuukinga, na upepo wa mchana unatoka wapi. Ukifungua ramani ya satelaiti unaona yote hayo kabla hujatoka kitandani. Ghuba ndogo iliyokumbatiwa pande mbili ina maji matulivu. Mstari mrefu ulionyooka unaoangalia bahari kuu una mawimbi. Mtu wa Laleli mimi, kitambaa nakijua kwa kukigeuza nione ndani, sijui kwa nini ufuko nilikuwa nauangalia usoni tu.

Na kivuli! Misonobari inafika karibu kabisa na maji. Mama akatandika mkeka kwenye kivuli, kwenye jiwe la hiyo barabara ya kale, akatoa kaveera, yani mfuko wa plastiki, ya karanga aliyoibeba kutoka Bombo, akaanza kumenya, maganda anayarudisha kwenye kaveera. Alikaa masaa manne. Akasema hapa pazuri, tatizo choo kiko mbali.

Choo kiko mbali. Andikeni hilo. Hakuna tovuti itakuambia choo kiko hatua ngapi, na ukiwa na mzazi hilo ndo swali la kwanza.

Çıralı napita haraka, mawe tena, lakini kijiji kimya bila maghorofa, na usiku mlimani kuna moto unatoka kwenye mwamba wenyewe, gesi inavuja chini inawaka miaka maelfu sasa, wanaita Yanartaş. Tulipanda mimi na kijana na tochi, mama alisema moto ameshauona jikoni.

Kaputaş ndo ile picha. Mkitafuta pwani ya Uturuki kwenye simu hamuwezi kuikosa, kipande cha mchanga mweupe katikati ya magenge mawili, maji rangi ya mint, iko chini ya barabara kati ya Kaş na Kalkan. Ilikuwa namba moja yangu toka Kampala. Sikuona kwenye picha kwamba barabara iko juu na ufuko uko chini na kati yao kuna ngazi karibu mia mbili, hakuna njia nyingine. Mama aliangalia chini, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Nikashuka peke yangu niseme nimefika, dada akabaki nao kwenye gari. Maji ni mazuri ndio, sitadanganya, baridi kidogo inakupita miguuni, lakini watu tumebanana kama kwenye taksi ya Nateete na nusu ya akili yangu iko juu kwenye gari. Nilikaa dakika kumi na tano. Zile ngazi kurudi, na mimi napanda maghorofa ya Kampala na mizigo kila siku, nilisimama mara tatu.

Hapo Kaş ndo pia tuliibiwa kisheria. Nyumba niliyolipia kwenye mtandao ilisema "dakika tano kutoka baharini". Kweli dakika tano, kama wewe ni ndege. Nyumba iko juu ya genge, bahari iko pale chini unaiona, kwa miguu ni dakika arobaini za mteremko na kurudi usiseme. Nikampigia mwenye nyumba, akaniambia lakini si mnaiona? Tangu siku hiyo sisomi dakika, nasoma mistari ya mwinuko kwenye ramani.

Patara ni kinyume cha Kaputaş, mchanga zaidi ya kilomita kumi bila hoteli hata moja, vilima vya mchanga nyuma, na njia ya kufika inapita katikati ya mji wa kale ambao ulikuwa mkubwa kweli, na ndipo alipozaliwa Mtakatifu Nikolasi, huyu ambaye wazungu wamemgeuza babu wa Krismasi. Kijana alikataa kata kata, akasema shuleni wamefundishwa anatoka kwenye barafu. Asubuhi Patara ni pepo. Ikifika saa nane mchana upepo wa baharini unaamka na mchanga unakupiga miguuni kama mtu anakurushia chumvi, tukafunga mikeka tukakimbia, sambusa zote zina mchanga, na mama kashikilia gurbaba kwa mikono miwili kama tanga la mashua. Ningejua ningeenda saa mbili asubuhi nikaondoka saa sita. Hii ni kanuni karibu ya pwani yote ile kiangazi, asubuhi kimya, alasiri upepo, lakini Patara imeinyookea bahari bila kinga ndo maana unausikia zaidi.

Ölüdeniz? Watu wanaipenda. Kuna ziwa lake la chumvi limejikunja nyuma ya ulimi wa mchanga, maji hayatikisiki, zuri sana kwa watoto wadogo, unalipa kuingia. Halafu juu kuna mlima Babadağ, karibu mita 2,000, watu wanaruka na miavuli wanakuja kutua pale pale ufukoni, unakula karanga zako unasikia mtu anapita juu anapiga kelele. Kijana alitaka kuhamia huko. Kwangu ilikuwa Old Taxi Park, ile stendi ya Kampala, yenye bahari. Tulilala usiku mmoja.

Na mwisho Dalyan, ambako sikuwa na matumaini yoyote manake nilikuwa nimeiweka mwisho kwenye orodha, picha zake hazina bluu ya kutisha.

Dalyan ni mji wa mtoni. Bahari haionekani. Unapanda boti ya ushirika, mnakaa kwenye viti vya pembeni chini ya turubai, inapita kwenye matete marefu kuliko mtu, na juu kwenye mwamba ng'ambo kuna makaburi ya mji wa kale wa Kaunos yamechongwa kama milango ya hekalu. Mama alipoona matete akakaa sawa. Ilikuwa kama ziwani kwetu kabisa, harufu ile, ndege wale wanaosimama mguu mmoja. Karibu nusu saa na ushee, halafu matete yanaisha na mbele yako kuna ulimi wa mchanga, kilomita nne na nusu, upande huu maji ya mto, upande ule bahari. İztuzu.

Boti inafunga kwenye gati la mbao, nahodha anakupa mkono, unashuka kwenye usawa. Hakuna ngazi. Kuna njia ya mbao mpaka ufukoni. Choo hatua themanini, mama alihesabu. Na mchanga ni laini wa kukanyagika, na bahari, sasa sikilizeni, bahari inashuka polepole mpaka inachosha. Mama aliingia na haşema yake ya kijani, bila kushikwa, maji ya kifundo, akaendelea, maji ya goti, akaendelea, akageuka kutuangalia yuko mbali na bado ni ya mapaja. Akapiga maji kwa viganja viwili kama mtoto. Dada yangu akaanza kulia, huyo hulia hata kwa matangazo.

Usiku ufuko unafungwa, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi msimu wa kasa kutaga, kwa sababu ni wa kasa kabla ya kuwa wetu. Kasa jike anatoka usiku anachimba, na watoto wakianguliwa wanafuata mwanga ulioko baharini, ukiwasha taa za hoteli nyuma yao wanakwenda upande wa taa wanakufa. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli kubwa pale pale. Mama mmoja Mwingereza aliyekuwa anaishi kwenye kibanda ufukoni, June Haimoff, wenyeji walimuita Kaptan June, akapiga kelele na wenzake mpaka dunia ikasikia, ujenzi ukasimamishwa na 1988 eneo likawekwa chini ya hifadhi. Ndo maana hakuna jengo, kuna vibanda vya chai na vitanda tu, na kuna mstari wa vigingi, mbele yake huruhusiwi kuchomeka mwavuli manake utatoboa mayai. Tulikuta viota vimefunikwa vizimba vya waya vyenye karatasi ya tarehe. Kijana alisoma kwamba joto la mchanga ndo linaamua kasa awe dume au jike, mchanga ukiwa wa moto sana wanakuwa majike, akamuuliza mama yake mchanga wa Bombo una joto gani, manake nyumbani wote ni wanawake isipokuwa yeye.

Tulikaa Dalyan siku nne badala ya mbili. Kila asubuhi boti ya kwanza, saa saba tumerudi, jioni chai kando ya mto na gözleme, ambazo ni kama chapati nyembamba zimekunjwa na mboga ndani, yule mama anazisukuma kwa kijiti chembamba kirefu kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mama alimwangalia siku mbili, siku ya tatu akaomba kijiti, akasukuma moja. Yule mama akaichukua akaigeuza akaikagua, akamuwekea nyingine mbele.

Siku ya mwisho kijana akamwambia bibi yake kwamba maji yanayotoka Jinja, ya Nile, yanakwenda mpaka Misri yanamwagika kwenye bahari hii hii. Ni kweli, ingawa tangu lile bwawa la Aswan likamilike mwaka 1970 na mashamba yote yale ya Misri, yanayofika ni machache sana. Mama akasimama kwenye maji akafikiria. Akasema kwa hiyo mimi nimefua nguo Jinja miaka yangu ya ujana na povu likaja huku? Halafu akaenda kutafuta chupa.

Nusu lita ya maji ya İztuzu, tuliyoichuja kwa kitambaa, nikaifunga katikati ya magauni kumi na mawili kwenye begi kubwa manake ya mkononi wangeitupa. Imefika Bombo salama, iko kabatini karibu na Msahafu. Juzi jirani mwenye magoti kama yake amekuja kuomba kijiko, mama akampa, akamwambia ni ya kupaka tu usinywe, na kwamba ya Konyaaltı asikubali hata akipewa bure.